Picha za siku tisa hazionekani, na diski imejaa vitu nisivyoviona

Ndugu Fundi,

Salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na pia ni katibu wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwetu. Miaka miwili iliyopita nilichukua kompyuta ya zamani ya mezani, nikaiwekea Debian (mfumo wa Linux) na Docker (programu inayoendesha kila huduma ndani ya kontena lake), ikawa seva ya nyumbani. Ina SSD (diski ya ndani) ya GB 120 yenye mfumo na makontena, na diski ya nje ya USB ya TB 2, niliyoifomati kwa mfumo wa mafaili wa ext4 na kuipachika kwenye `/mnt/picha`. Makontena ni matatu. La kwanza ni Samba, ambako simu zetu nne zinatuma picha kila usiku kisha zinajifutia ili zibaki na nafasi. La pili ni Jellyfin la kutazamia video. La tatu ni PostgreSQL lenye daftari la kikoba: hisa, mikopo na marejesho ya wanachama 28.

Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, seva ikawaka yenyewe. Hatukuona tatizo. Wiki ileile tulikuwa na sendofu ya binti yangu. Simu zote zilituma picha kama kawaida, na mpiga video alituletea flashi yake, nikaimimina yote humo kisha nikamrudishia. Siku ya tisa mume wangu akafungua albamu kumwonyesha mgeni picha ya marehemu baba, akakuta za zamani hazipo hata moja. Zilizopo ni za wiki ile tu.

Kijana wangu akakagua, akaona waya wa diski ya nje umelegea. Akaukaza, akawasha upya kompyuta. Picha za zamani zikarudi zote, tukashukuru Mungu. Lakini za siku tisa zimetoweka, sendofu nzima, na kwenye simu zilishajifuta. Ipo picha ya mama yangu, ana miaka 81, anamfunga mjukuu wake khanga kiunoni huku analia. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Balaa la pili: tangu siku hiyo PostgreSQL linaanguka na kuwaka, linaanguka na kuwaka, likisema `No space left on device`. Nimelizima kwa mkono. Nikiandika `df -h /` naambiwa ukubwa ni 109G, imetumika 104G, iliyobaki 0, asilimia 100. Nikiandika `sudo du -xsh /` naambiwa mafaili yote yana 38G tu. Mpwa wangu anayesoma chuo ananishauri nipige `docker system prune -a --volumes` ili nipate nafasi. Mkono unasita. Nifanyeje?

Mwalimu, Tanga

*

Mwalimu, pole sana. Na hongera kwa mkono uliosita, maana umekuokolea mengi.

Nianze na unalotaka kulisikia. Kwa jinsi ulivyoeleza, picha za sendofu hazijapotea. Matatizo yako mawili ni tatizo moja. Diski yako imejaa vitu usivyoviona, na kuna vitu unavitafuta huvioni: ni vitu hivyohivyo. Toa 38 kwenye 104, zinabaki GB 66. Humo ndimo alimo mama yako na ile khanga.

Kabla hujagusa kibodi, fanya jambo moja la pembeni. Mpigie simu yule mpiga video umwombe asifute kadi zake za kamera kwa sasa. Nina imani kubwa na ninachokueleza, lakini nakala ya pili iliyo mkononi mwa mtu mwingine ni kitu cha kukishika kwa mikono miwili.

Sasa tuelewane kilichotokea. Folda ya `/mnt/picha` iko kwenye SSD. Ifikirie kuwa ni sakafu. Diski ya nje inapopachikwa, ni mkeka unaotandikwa juu ya sakafu hiyo: ukiweka kitu, kinakaa juu ya mkeka. Usiku ule umeme uliporudi, kompyuta iliwaka lakini diski ya nje haikuonekana. Huenda ni ule waya, au huenda diski ilichelewa kuzunguka. Vyovyote iwavyo, mkeka haukutandikwa. Docker haijui habari ya mkeka. Kontena la Samba liliambiwa liweke picha `/mnt/picha`, likakuta folda ipo, tupu, likaendelea na kazi yake kwa uaminifu. Kwa siku tisa kila picha na kila video ilianguka sakafuni, yaani kwenye SSD ya GB 120. Halafu kijana wako akakaza waya, mashine ikawaka upya, mkeka ukatandikwa juu ya vyote hivyo.

Ndiyo maana `du` haizioni. Yenyewe hutembea kwenye mafolda na kuhesabu inachokiona, na hapo haiwezi kufunua mkeka. `df` haitembei popote, huuliza mfumo wa mafaili wenyewe una vipande vingapi vilivyoshikwa, na sakafu inajua mzigo wake. Hizo namba mbili ulizoziandika ndizo zilizonipa jibu, na wengi wanaoniandikia huleta moja tu.

Kwa kawaida pengo la namna hii huwa na sababu nyingine inayotangulia: faili lililofutwa huku programu bado imelishikilia. Nafasi yake hairudi mpaka programu hiyo izimwe, na `sudo lsof +L1` huyaorodhesha mafaili hayo. Lakini ninyi mliwasha upya mashine nzima, na hakuna programu inayoendelea kushikilia faili kupita hapo. Kwa hiyo hilo tuliondoe. Na jambo jingine linaloniambia niko sahihi ni kwamba mashine iliwaka bila diski na haikulalamika. Hilo lina maana kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa, uliandika `nofail`. Bila neno hilo Debian ingengoja kama dakika moja na nusu, kisha ingesimama na kuomba neno la siri la root (msimamizi mkuu wa mashine), nanyi mngejua asubuhi ileile. Sikulaumu, hata mimi nawashauri watu waliweke, ila lina gharama yake, na gharama yenyewe ndiyo hii.

Kuhusu ushauri wa mpwa wako. Najua nia yake ni njema, na kwa seva nyingine ungefaa. Kwako ungeleta msiba. Amri ile huanza kwa kuondoa makontena yote yaliyozimwa, na la kikoba umelizima kwa mkono, kwa hiyo nalo lingeonekana takataka. Likishaondolewa, volyumu yake, yaani hifadhi ya Docker inamokaa data ya kontena, inabaki haina mwenyewe. Docker za kabla ya toleo la 23.0 zingeifuta hata kama umeipa jina. Kuanzia 23.0 zinafuta zile zisizo na jina tu, lakini hapo ndipo penye mtego: imeji ya PostgreSQL (kifurushi ambacho kontena huundwa kutokana nacho) hujitengenezea volyumu yenyewe usipoipa ya kwako, na volyumu hiyo haina jina. Piga `docker volume ls` utazame. Ukiona mstari wenye herufi na namba 64 zilizofuatana bila maana, ujue hiyo ndiyo namna ya volyumu isiyo na jina, na inawezekana kabisa hisa za akina mama 28 zimo humo. Na baada ya hasara yote hiyo, zile GB 66 zingekuwa palepale, kwa sababu Docker hata haijui kuwa zipo.

Haya, tuzitoe. Chagua siku ambayo umeme umetulia na huna haraka.

Zima makontena kwa `docker compose stop`. Tumia `stop`, usitumie `down`, na hasa usithubutu `down -v`. Kisha hakikisha mkeka uko mahali pake:

`findmnt /mnt/picha`

Ikikuonyesha diski ya nje na ext4, vizuri. Isipoonyesha kitu, simama hapo, rudi kwenye waya. Piga pia `sudo dmesg | grep -i "i/o error"` na `sudo smartctl -a` kwa jina la diski yako, maana diski iliyopitia kukatika kwa umeme na waya uliolegea inaweza kuwa imeumia. Kwenye orodha ndefu itakayotoka, tazama `Current_Pending_Sector` na `Reallocated_Sector_Ct`. Nguzo ya mwisho ikiwa sifuri kwa zote mbili, endelea. Ikiwa na namba, nunua kwanza diski nyingine, sendofu uipeleke huko.

Sasa kufunua mkeka bila kuukunja. Linux ina njia ya kuionyesha sakafu mahali pengine:

`sudo mkdir /mnt/chini`
`sudo mount --bind / /mnt/chini`
`sudo du -sh /mnt/chini/mnt/picha`

Usiogope kwamba diski imejaa na `mkdir` itagoma. Ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root peke yake, ndiyo maana GB 104 kati ya 109 zimeshaitwa asilimia 100, na ndiyo maana `sudo`, inayofanya kazi kama root, bado ina pa kupumulia wakati PostgreSQL, ambayo haiendeshwi na root, imekwama. Mstari wa tatu ukikujibu namba iliyo karibu na 66G, basi umezipata. Fungua `ls /mnt/chini/mnt/picha` uone majina ya mafolda. Naomba uite mume wako aje aone nawe.

Usizihamishe. Zinakili, tena kwenye folda mpya, zisichanganyike na za zamani:

`sudo mkdir /mnt/picha/zilizookolewa`
`sudo rsync -a --info=progress2 /mnt/chini/mnt/picha/ /mnt/picha/zilizookolewa/`

Mkwaju wa mwisho baada ya `picha` usiuache. Kwa USB ya zamani kazi hii inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa USB 3 ni fupi zaidi. Ikiisha, iambie rsync ilinganishe yaliyomo, faili kwa faili, bila kuandika kitu:

`sudo rsync -rnc --itemize-changes /mnt/chini/mnt/picha/ /mnt/picha/zilizookolewa/`

Isipoonyesha hata faili moja, nakala ni sawasawa na asili. Ikitaja faili, rudia amri ya kunakili ukiiongezea `-c`, kisha linganisha tena. Baada ya hapo fungua video mbili tatu uzitazame mpaka mwisho. Itafute picha ya mama. Mimi nisingefuta kitu mpaka niione kwa macho.

Kufuta ndiko kunakonitia hofu kwa niaba yako, na nitakueleza kwa nini. Njia ya sakafu na njia ya mkeka zinatofautiana kwa neno moja tu, `/mnt/chini`. Ukilisahau, umefuta picha za marehemu baba pamoja na nakala uliyotoka kuiokoa. Niliwahi kufanya kosa la aina hii. Nilipoteza kanda za sauti za bibi yangu akisimulia hadithi, na hakuna amri iliyozirudisha. Kwa hiyo usitegemee umakini wako, itoe diski yenyewe chumbani. Andika `sudo umount /mnt/picha`, kisha chomoa waya wa USB, uiweke diski mezani unaiona. Sasa hakuna amri inayoweza kuigusa. Ndipo uandike:

`sudo find /mnt/chini/mnt/picha -mindepth 1 -delete`

Piga `df -h /`. Utaona imetumika kama 38G. Usirudishe diski bado, maana sakafu iko wazi na huu ndio wakati wa kuifunga isichafuke tena:

`sudo umount /mnt/chini`
`sudo rmdir /mnt/chini`
`sudo chattr +i /mnt/picha`

Amri hii ya mwisho inaifanya folda iliyo kwenye SSD isikubali kitu chochote, hata kutoka kwa root. Diski ikipachikwa juu yake kila kitu kinaandikika kama kawaida, kwa sababu kufuli liko kwenye sakafu, haliko kwenye mkeka. Diski isipopachikwa, Samba itakataliwa na simu zitaonyesha kosa usiku uleule. Kosa lionekane siku ya kwanza kuliko kufichika siku tisa. Wapo wanaochagua kuiamuru systemd (inayowasha huduma za mashine) isiiwashe Docker kabisa mpaka diski ipatikane. Ni njia nzuri, lakini kwako ingemaanisha kikoba nacho kinalala kwa sababu ya diski ya picha, na marejesho hayangoji.

Unganisha diski, piga `sudo mount /mnt/picha`, hakikisha tena kwa `findmnt`, halafu `docker compose start`. Na kumbuka: kontena lililowaka kabla ya diski kupachikwa linaendelea kuona sakafu hata baada ya mkeka kutandikwa, mpaka uliwashe upya. Siku nyingine diski ikichelewa, kuipachika peke yake hakutoshi, ongeza `docker compose restart`.

Sasa kikoba. Ukiwasha, soma `docker compose logs` ya kontena la PostgreSQL. Utakuta maneno yanayosema hifadhidata haikufungwa vizuri na kwamba inajirekebisha. Usishtuke, iache. PostgreSQL huandika kila badiliko kwenye kumbukumbu yake ya pembeni kabla ya kuligusa daftari lenyewe, na ilipokosa nafasi ya kuandika ilichagua kusimama badala ya kubahatisha. Ukiona `database system is ready to accept connections`, imepona. Kuna watu watakuambia ufute yaliyomo kwenye folda ya `pg_wal` ili kupata nafasi. Usikubali kamwe, hiyo ndiyo kumbukumbu yenyewe. Ikishawaka, toa nakala siku hiyohiyo. Kama huduma yako, mtumiaji na hifadhidata vyote vinaitwa kikoba, amri ni hii:

`docker compose exec -T kikoba pg_dump -U kikoba kikoba > kikoba.sql`

Faili hilo ni maandishi matupu, kwa kikoba cha watu 28 litaingia hata kwenye barua pepe. Mpe mweka hazina nakala kila baada ya kikao. Na kama volyumu yako ni ile ya herufi 64, ukishapata faili hilo ipe PostgreSQL volyumu yenye jina kwenye `compose.yaml`, kisha urudishe data kutoka kwenye faili. Hiyo ni kazi ya jioni moja, na mpwa wako anaiweza vizuri, mpe.

Picha nazo bado ziko kwenye diski moja tu ya TB 2, na simu zinajifuta baada ya kutuma. Zima huko kujifuta mpaka uwe na diski ya pili. Nasema hivi nikijua bei ya diski. Anza basi na ndogo, hata ya GB 500, kwa picha ambazo haziwezi kupigwa tena: za marehemu baba, na za mama.

Kwa wengine mnaopata `No space left on device` huku `df` na `du` zikikubaliana, kwenu mkeka hauhusiki. Anzeni na `docker system df` kuona kama ni imeji za zamani au kashe ya ujenzi. `docker image prune` huondoa imeji zilizobaki bila jina, na `docker builder prune` huondoa kashe, bila kugusa volyumu. Mara nyingi mkosaji ni logi (kumbukumbu za matukio): Docker isipoambiwa, huacha faili la logi la kila kontena likue bila kikomo ndani ya `/var/lib/docker/containers`. Wekeni `max-size` na `max-file` kwenye `/etc/docker/daemon.json`, na mjue kwamba makontena ya zamani hayatafuata mpaka yaundwe upya. Na kama `df -h` inaonyesha nafasi tele lakini ujumbe ni uleule, pigeni `df -i`. Mafaili madogo mengi mno humaliza inodi, yaani nafasi za kuandikisha mafaili, kabla ya kumaliza nafasi.

Nirudi kwako, Mwalimu. Ukishamaliza yote, Jumamosi moja mchana jaribu makusudi. Zima seva, chomoa diski ya nje, iwashe bila diski. Kikoba kifunguke kama kawaida. Kisha chukua simu yako upige picha yoyote, hata ya kikombe cha chai, ujaribu kuituma. Simu ikigoma, rudisha diski, `sudo mount /mnt/picha`, `docker compose restart`, uitume tena.

Fundi